Mwamuzi kaandika "eksposisheni nzito": nirekebishe nini kwenye mchezo wangu?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja karibu na Hoima, Uganda. Niliwaandikia wanafunzi wangu mchezo wa kuigiza wa nusu saa kwa ajili ya tamasha. Unahusu familia ambayo shamba lake limepitiwa na barabara ya mafuta, na ndugu wanagombania fidia. Tulirudi mikono mitupu. Kwenye karatasi yetu mwamuzi aliandika mstari mmoja tu: "Eksposisheni nzito, wahusika wanaambiana wanayoyajua." Nimelitafuta neno hilo: kamusi moja inasema ni maonyesho ya biashara, nyingine ufafanuzi, nyingine sehemu ya muziki. Ipi ndiyo yangu? Na nirekebishe nini? Nimekuwekea ukurasa wa kwanza.

JIBU:

Marahaba, mwalimu. Kamusi zako zote zimesema kweli, ila mwamuzi hakuwa na lolote kati ya hayo kichwani. Neno hilo limeajiriwa kwingi. Wafanyabiashara wanalo, kwa maonyesho makubwa kama yale ya London ya 1851, au yale ya Dubai yaliyoitwa ya 2020 lakini yakafunguliwa Oktoba 2021 kwa sababu ya korona. Mhubiri anayefafanua Biblia mstari kwa mstari analo lake, mwalimu wa insha analo lake, na kwa Wakatoliki kule kuiweka Ekaristi wazi altareni ili waumini waiabudu kunaitwa hivyo hivyo. Wanamuziki wa Ulaya wameliazima kwa fungu la kwanza la sonata, pale tuni kuu zinapojitokeza kabla hazijaanza kugeuzwageuzwa.

Kwenye jukwaa maana yake ni habari ambazo mtazamaji anazihitaji ili aelewe kinachotokea mbele yake: nani ni nani, tuko wapi, na yapi yalipita kabla ya mchezo kuanza. Tuite usuli, tuendelee na kazi.

Huu hapa ukurasa wako, ili na wengine wanaosoma wajue tunazungumzia nini:

BABA: Mke wangu, kama unavyojua, mwaka jana serikali ilitangaza kwamba itachukua ardhi yetu ya ekari nne ili ijenge barabara ya kwenda kwenye mafuta, na maofisa walituambia tusipande chochote baada ya tarehe ya ukomo.

MAMA: Ndiyo, mume wangu, nakumbuka vizuri. Na kaka yako, ambaye mligombana naye baada ya marehemu baba yenu kufariki, anadai nusu ya ardhi hiyo.

BABA: Kweli kabisa. Na mwanetu wa kwanza, Isingoma, aliyekwenda Kampala miaka saba iliyopita na hajarudi tangu siku hiyo, hajui lolote kuhusu jambo hili. Mdogo wake Kiiza ndiye tuliyebaki naye hapa nyumbani.

Mwalimu, hakuna sentensi mbovu hapo. Kiswahili kimenyooka. Tatizo ni kwamba Baba hasemi na Mama. Anasema na mzazi aliyekaa safu ya tatu, na Mama amesimamishwa pale ili Baba asionekane anaongea peke yake. Maneno "kama unavyojua" ni ushahidi tosha: kama anajua, unamwambia ya nini? Mwigizaji wa miaka kumi na sita akipewa mistari hiyo hana la kufanya nayo. Hawezi kukasirika wala kuomba wala kuficha, kwa sababu mistari yenyewe haitaki kitu kwa Mama. Kwa hiyo anafanya anachoweza: anatazama watu, anapaza sauti, anakariri. Mwamuzi akiona hivyo huandika "uigizaji mkavu" kwenye sanduku la uigizaji, na watoto wanalaumiwa kwa kosa la mwandishi.

Usione haya. Ugonjwa huu ni wa zamani, na waandishi wenyewe waliushtukia mapema. Mwaka 1779 Sheridan, mwandishi wa vichekesho wa London, aliandika mchezo wenye mchezo ndani yake: mwandishi mmoja mwenye majivuno anawaonyesha wageni mazoezi ya tanzia yake, na humo waungwana wawili wanasimuliana kwa kirefu mambo ambayo wote wawili wanayafahamu. Mgeni mmoja anauliza, huyu kama anayajua yote haya, kwa nini mwenzake anazidi kumwambia? Mwandishi anajibu kwamba watazamaji hawayajui. Ukumbi mzima unacheka, kwa sababu jibu lake ni sahihi na bado halimwokoi.

Na kweli halimwokoi. Kwamba watazamaji hawajui ni shida yako wewe mwandishi. Mhusika hana habari nayo.

Sasa turudi nyuma kidogo tuulize tabia hii inatoka wapi, maana naiona kila mwaka kwenye michezo ya shule, na sidhani ni uvivu. Kwa maoni yangu ina wazazi wawili.

Wa kwanza ni ile piramidi. Wanafunzi wanafundishwa kwamba mchezo una utangulizi, kupanda, kilele, kushuka na mwisho. Piramidi hiyo ni ya Mjerumani Gustav Freytag, aliyeichora mwaka 1863 akitazama zaidi tanzia za Wagiriki, za Shakespeare na za Wajerumani wenzake. Kama njia ya kuchambua mchezo uliokwisha kuandikwa, haina ubaya. Ila mwandishi mchanga akiichukua kama ramani ya ujenzi, anadhani usuli ni chumba cha mbele ambacho lazima mgeni akipitie chote kabla hajaonja chakula. Anamimina kila kitu ukurasa wa kwanza, anafunga mlango, halafu ndipo hadithi inaanza.

Wa pili ni vijei. Vijana wengi wa Uganda filamu zao za kwanza waliziona kwenye vibanda vya video, na pale kuna mtu mwenye maikrofoni anayefasiri kwa Luganda huku filamu ikiendelea. Kijei hodari hafasiri tu. Anakuambia huyu mwenye kovu ndiye aliyemuua kaka yake yule, ngoja utaona; anambatiza mhalifu jina la Kiganda; anakukumbusha ya mwanzo ulipokuwa umetoka kununua chapati. Huo ni usuli mtupu, unamiminwa kwa ndoo, na watu wanaupenda. Lakini unapendeza kwa sababu kijei yuko nje ya filamu. Hajifanyi mhusika. Yeye mwenyewe ni burudani ya pili, na kila mtu ndani ya kibanda anajua anaongea na nani. Ukimchukua kijei ukamvika shati la Baba na kumwambia ajifanye anazungumza na mkewe, umepoteza vyote viwili: Baba hayupo, na kijei hana uhuru wake.

Ndiyo maana nikilazimishwa kuchagua kati ya mazungumzo ya uongo na msimulizi wa wazi, namchukua msimulizi bila kusita. Mapokeo yetu yamejaa yeye. Fanani anasema "Paukwa", hadhira inaitikia "Pakawa", na tangu hapo ana ruhusa ya kutuambia moja kwa moja kwamba palikuwa na mfalme na mfalme alikuwa na wake watatu. Waganda wanasema "awo olwatuuka" na kila mtoto anakaa vizuri. Hakuna anayelalamika kwamba usuli ni mzito, kwa sababu hakuna anayedanganywa. Ukiamua njia hiyo, mpe msimulizi wako upande. Awe jirani mwenye wivu, au mzee wa kijiji aliyeshuhudia mipaka ikipimwa na ambaye huenda alikula chochote. Msimulizi asiye na maslahi ni tangazo la redio.

Lakini wewe umechagua Baba na Mama, na nadhani ulichagua vizuri. Basi tufanye kazi nao.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu ulivyovitoa. Kwenye mistari mitatu umetupa ekari nne, serikali, barabara, mafuta, tarehe ya ukomo, kaka, kifo cha babu, ugomvi, Isingoma, Kampala, miaka saba, na Kiiza. Sasa chukua kila kimoja ujiulize: mtazamaji asipokijua hapa, atapotea kwenye ukurasa wa ngapi? Ekari nne hazihitajiki mpaka wagawane. Isingoma hahitajiki mpaka abishe hodi. Mafuta, kwa hadhira ya Hoima, hayahitajiki kabisa! Watu wako wanaishi jirani na Kabaale, ambako serikali ilichukua zaidi ya kilomita 29 za mraba kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Neno "fidia" peke yake linawatosha. Kila mmoja ana shangazi au jirani aliyejaza fomu. Mkipeleka mchezo Mbale au Kampala, hapo ongeza sentensi moja. Usuli hupimwa kwa kichwa cha anayetazama, kwa hiyo mchezo uleule unaweza kuwa mzito mjini kwako na mwepesi kwingine.

Kinachobaki, cha lazima tangu mwanzo, ni kimoja: shamba limeshahesabiwa na hairuhusiwi kuongeza kitu. Hicho ndicho kitanzi cha familia hii. Basi tuanze na mtu anayekivunja.

(Alfajiri. Kigingi chenye kichwa chekundu kimesimama katikati ya shamba. MAMA amepiga magoti kando yake, anapanda mche wa kahawa. BABA anaingia, anasimama.)

BABA: Abwoli. Ng'oa hicho.

MAMA: (bila kuinua kichwa) Umeamkaje, Araali?

BABA: Ng'oa kabla hawajaja.

MAMA: Wakija watahesabu wanachokiona.

BABA: Walishahesabu. Ikaandikwa. Nikaweka kidole gumba.

MAMA: Uliweka wewe, au aliweka kaka yako?

(BABA ananyamaza. Anakwenda kukishika kigingi.)

MAMA: Usikiguse. Kina namba.

Nimeandika haraka, wewe utaandika vizuri zaidi, lakini tazama kinachotokea. Hakuna aliyeeleza kitu. Baba anataka mche ung'olewe, Mama anataka ubaki, na katika kuvutana huko yametoka: kwamba kuna watu wanaokuja, kwamba hesabu ilifanyika na kufungwa, kwamba kuna kaka, kwamba saini ina walakini. Mtazamaji hajaambiwa, ameokota mwenyewe. Kitu ulichokiokota mwenyewe hutakisahau. Na zaidi ya yote ana swali: nani hasa aliweka kidole gumba? Usuli mzuri hujibu swali moja huku ukiacha jingine mlangoni.

Tazama pia kigingi. Umepata kitu cha mbao kinachofanya kazi ya aya nzima. Fundi wa shule yenu akikate, mkipake rangi, mkiandike namba ambayo safu ya nyuma inaiona. Hakitasahau mistari yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wewe wa Hoima unalo na mwandishi wa Dar es Salaam au Mombasa hana: mpako, au empaako kama mnavyoita wenyewe, yale majina ya heshima na mapenzi ambayo Wanyoro huitana, kama Abwoli na Araali. Kwenye ukurasa wako Baba anamwita mkewe "mke wangu" na yeye anajibu "mume wangu". Nani Bunyoro anaongea hivyo asubuhi shambani? Umetumia maneno hayo ili tujue wameoana. Lakini Mnyoro yeyote akisikia mwanamume na mwanamke wazima wanaitana Abwoli na Araali alfajiri, pembeni ya nyumba, anajua. Na akisikia siku ya pili Mama ameacha kumwita Araali, anamwita kwa jina lake tupu, anajua zaidi ya ambavyo ungeweza kueleza kwa ukurasa mzima.

Endelea nayo. Ofisa mthamini anapoingia na fomu zake, Baba anamuuliza mpako wake, kama adabu inavyotaka. Ofisa anasema hana, yeye ni mtu wa kwingine. Baba anatabasamu: "Basi sisi tutakuita Apuuli." Mgeni hupewa mpako, hilo ni jambo la kawaida kwenu, lakini kwenye shamba lenye kigingi si la kawaida tena. Ni rushwa ya kwanza, haina senti ndani yake, na ofisa ama ataipokea ama ataikataa. Kwa mistari miwili tumejua ofisa katoka mbali, Baba ni mtu wa mila, na Baba ana hofu.

Majina nayo yanabeba usuli, na hapa nina swali kwako. Mwanao wa kwanza umemwita Isingoma na mdogo wake Kiiza. Isingoma ni pacha mkubwa wa kiume. Kiiza ndiye anayefuata mapacha. Basi Kato, pacha wa pili, yuko wapi? Hadhira ya Hoima itamtafuta Kato mchezo mzima hata kama wewe hukumfikiria. Kama aliaga dunia na ndiyo sababu Isingoma hakanyagi nyumbani, una jambo zito mkononi, nakusihi usilieleze ukurasa wa kwanza. Acha majina yafanye kazi yao kimyakimya mpaka mtu mmoja alitamke la tatu. Kama uliyaokota tu kwa sababu yanasikika vizuri, yabadilishe leo.

Isingoma mwenyewe. Unataka tumjue kabla hajaingia, sawa, lakini umetupa wasifu wake kama wa kuombea kazi. Mhusika ambaye hayupo hujengwa kwa watu kutokubaliana juu yake. Onyesho la kwanza la Othello ya Shakespeare linaanza usiku, barabarani Venisi, watu wawili wakimsengenya jemadari. Wanamtukana kwa rangi, wanamwita mwizi wa binti ya mtu, na onyesho zima hakuna anayelitaja jina lake. Kisha onyesho la pili anaingia mtu mtulivu, mwenye heshima, na mtazamaji analazimika kuamua nani alikuwa anadanganya. Huko ndiko kumtambulisha mtu. Fanya hivyo kwa Isingoma: Mama aseme anatuma pesa kila mwezi, Kiiza aseme hajaona hata shilingi, Baba akatae kulisikia jina. Nani mkweli? Tutasubiri abishe hodi, na tukisubiri tutakuwa macho.

Kuna matumizi ya juu zaidi ya usuli, nataka uyajaribu kwa sababu mchezo wako una malighafi yake tayari. Wengi wanafikiri habari za nyuma ni deni la kulipa mapema ili tuendelee na mambo. Ibsen wa Norwei alizihifadhi kama silaha. Katika mchezo wake wa 1879 kuhusu Nora, mke aliyekopa pesa kwa siri kuokoa maisha ya mumewe, tunasikia mapema kwamba alikopa. Anamsimulia rafiki yake wa zamani kwa kujivuna, kwa hiyo hata hapo anataka kitu: kusifiwa. Lakini hatuambiwi yote. Anakuja mkopeshaji, Krogstad, na hati. Anauliza kwa upole baba yake Nora alifariki lini. Tarehe 29 Septemba. Ajabu, anasema, maana saini ya baba yako kama mdhamini ina tarehe 2 Oktoba. Ukumbi unakauka. Marehemu alitia saini siku tatu baada ya kufa.

Angalia: hiyo ni habari ya zamani, ni tarehe mbili tu, ni kitu ambacho mwandishi wa kawaida angekipachika kwenye mazungumzo ya kwanza. Ibsen ameikalia mpaka iwe mikononi mwa mtu anayeweza kumwangamiza Nora nayo. Wewe una tarehe ya ukomo, una babu aliyefariki, una kidole gumba kwenye fomu. Sitaki kukuandikia mchezo, lakini kama mimi ndiye ningekuwa na vitu hivyo vitatu, nisingevitaja pamoja hata mara moja kabla ya ofisa kufungua faili na kuuliza, kwa upole uleule, mzee alizikwa mwezi gani.

Mambo ya ukumbi, sasa, ambayo vitabu vya nadharia huyapita. Dakika mbili za kwanza za onyesho la shule hazina thamani. Viti vinaburutwa, mtoto analia, mkuu wa shule ya jirani anaingia na kusalimiana na watu. Wale waliozungusha maigizo ya Makerere vijijini miaka ya 1960, kwa lugha mbalimbali za nchi hii, walicheza mbele ya watu waliosimama wazi, na anayecheza uwanjani hana pazia wala giza la kumsaidia. Basi usiweke jambo la lazima kwenye mstari wa kwanza. Weka tendo: Mama anachimba. Jembe linasikika. Watu wakishatulia, ndipo "Ng'oa hicho". Na jambo ambalo mchezo hauwezi kuishi bila hilo liseme mara tatu, kwa watu watatu, kwa sura tatu: tarehe ya ukomo iwe hofu kinywani mwa Baba, upuuzi kinywani mwa Mama, sheria kinywani mwa ofisa. Hakuna atakayeona umerudia.

Lugha nayo ina mtego wake hapa kwetu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na mtaala mpya wa sekondari wa 2020 umekiingiza darasani kwa nguvu, lakini wazazi waliokaa ukumbini wengi wao walikiokota sokoni, barabarani au kambini. Mwandishi akiogopa kwamba hawataelewa, anaongeza maelezo. Matokeo yake ni sentensi ndefu zaidi, ambazo ndizo hasa hawazielewi. Fupisha sentensi, acha maelezo. "Walishahesabu. Ikaandikwa." Hiyo hata dereva wa boda anayekijua Kiswahili cha bei na nauli tu ataishika. Tena aina zenyewe za Kiswahili ni usuli wa bure: mlinzi wa kampuni aseme Kiswahili cha kambi, cha amri tupu, na tutajua alikuwa askari bila yeye kututajia kikosi. Kiiza mwanafunzi aseme kile chako cha darasani, sanifu kupita kiasi, na ndugu zake wamcheke.

Kuhusu redio, maana mwishoni mwa barua yako umedokeza kwamba kituo kimoja kimeomba kuurusha: huko mambo mawili yanageuka. Kigingi hakionekani, kwa hiyo mtu akigonge kwa jembe na Mama apige kelele. Na majina lazima yatajwe mara nyingi zaidi kuliko jukwaani, hasa sauti mpya inapoingia, la sivyo Baba na ofisa watakuwa mtu mmoja masikioni mwa anayepika. Hapo mpako utakuokoa tena, kwa sababu kutajana Abwoli na Araali kila salamu ni jambo la kawaida, hakuna atakayeona unamwita mtu kwa ajili ya maikrofoni.

Usianze kwa kuandika upya. Wakusanye wanafunzi, mwombe mwalimu mwenzako wa hesabu au kilimo ambaye hajauona mchezo akae mbele, na waanze kuigiza kutoka ukurasa wa tatu, kana kwamba kurasa mbili za kwanza zimepotea. Wakimaliza, muulize ni wapi alipotea, asikufundishe, ataje mahali tu. Alipopotea kweli, rudisha habari ile moja, kwa mtu anayeihitaji. Ambako hakupotea, kurasa zako mbili zilikuwa za kwako mwenyewe, za kuijua familia hiyo kabla ya kuiandika. Zitunze kwenye faili. Akiuliza shamba ni ekari ngapi, ofisa ataisoma kwenye fomu, na Mama atabisha kwamba ni tano.